Mama Kipaza na Sura za Watu Waliopotea

Ukifika stendi kuu ya mabasi na mtu wako, halafu mtu wako akapotea, utaambiwa upande ngazi za chuma zilizo nyuma ya kaunta za tiketi. Huko juu kuna chumba kidogo chenye dirisha la kioo, feni ambayo haizunguki ila siku za baridi, kiti kimoja cha mwenyeji na benchi moja la wenye shida. Aliyekaa kwenye kiti ni Mama Kipaza.

Jina alilopewa na wazazi lipo kwenye kitambulisho, na huko limelala. Stendi nzima, madereva kwa wafagiaji, inamwita Mama Kipaza, kwa sababu anayekishika kipaza sauti ni yeye. Zamani aliuza mayai ya kuchemsha hapo hapo chini. Alikuwa na sauti ya kumwamsha abiria aliyelala kiti cha nyuma, abiria akajikuta ameshanunua yai kabla hajajua yuko mji gani. Siku mtangazaji wa zamani alipokaukiwa sauti kwa mafua, meneja wa wakati ule alimwita apande asome saa za mabasi, mara moja tu. Akapanda na ndoo ya mayai mkononi. Hakushuka tena.

Kutangaza mabasi si kazi, mwenyewe husema. Basi lina namba. Kazi ni watu. Mtu hana namba ubavuni, ana sura. Na jamani, mtu akipotelewa na mtu wake, na sura nayo humpotea hapo hapo. Mama atapanda analia, "Mwanangu!" Muulize yukoje. "Mzuri." Mzuri vipi? "Mzuri tu, kwani nyie hamjamwona?" Mume atakuja kumtafuta mke aliyeishi naye tangu ujana wao. Muulize uso wa mkewe ukoje. Atatazama dari, atakuna shingo, atasema, "Wa kawaida." Sasa tangaza kwamba anatafutwa mke mwenye uso wa kawaida, uone kama kuna mwanamke hata mmoja duniani atakayejitokeza.

Kwa hiyo Mama Kipaza alijitungia njia yake. Hakuulizi mtu wako yukoje. Anakuambia, "Nifanyie uso wake."

Bwana mzima na tai yake ataduwaa. Atatazama mlango kama umefungwa. Kisha atavuta mashavu ndani, atatoa macho, ataning'iniza mdomo wa chini, na papo hapo rafiki yake aliyepotea atakuwa amekaa pale kwenye benchi. Mama Kipaza atamwangalia, ataguna, atawasha kipaza: "Anatafutwa kaka mwenye uso mrefu, mashavu yaliyoingia ndani na macho ya mtu aliyeshtuliwa." Kabla hajamaliza, ngazi zinalia.

Tena ana sharti moja. Anayetangazwa anasikia, na akisikia atapanda, na akipanda mtatazamana. Kwa hiyo maneno lazima yawe ya kweli, lakini yawe na adabu. Mnene, kwake, ni mwenye mwili wake. Mzee ni mtu mzima. Mwenye kipara ni mwenye paji la uso linaloendelea. Aliyenuna ni mwenye fikra. Watu walitangazwa walivyo, bila kupunguziwa kitu, wakapanda juu wakishukuru.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja meneja mpya, mwanamume mwembamba mwenye miwani na haraka.

"Wageni wamekuwa wengi hapa," alisema akiwa bado mlangoni. "Kila tangazo la mtu aliyepotea litoke kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Jumatatu nitakaa humu nisikilize mwenyewe. Ukishindwa, binti wa kaunta ya tatu atapanda huku, na wewe utashuka stoo ya mizigo."

"Stoo kuna kipaza?" aliuliza Mama Kipaza.

"Stoo kuna mizigo."

Alibaki amekitazama kipaza chake. Stoo aliijua. Kuna masanduku, magunia na baiskeli zilizofungwa kamba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitika ukikiita. Yeye aliishi kwa kuita na kuitikiwa. Angefanya nini huko, aongee na begi?

Jioni hiyo alikwenda kwa wifi yake, mke wa kaka yake, anayefanya kazi mapokezi ya hoteli na kushinda akisema Kiingereza na wageni.

"Ehe!" wifi alisema akifungua mlango. "Siku zote wifi mchawi, leo wifi mwalimu."

"Uchawi wako upo pale pale. Nifundishe kwanza, tutagombana baadaye."

Kaka mtu alikuwa amelala chali kwenye kochi, mdomo wazi, mkono mmoja sakafuni. Wifi akavuta kiti mpaka kichwani pake, akachukua mwiko wa kupikia.

"Kitabu chako hicho. Hili paji, ni 'forehead'. Shavu ni 'cheek'. Nyusi, 'eyebrow'. Hiki kidevu, 'chin'."

"Hicho sitakisahau, kipo chini ya mdomo."

"Na hiki cha pili kilicho chini ya kile cha kwanza?"

"Wifi, kaka yangu ana kidevu kimoja."

"Hesabu vizuri. Haya sema, 'flat nose', pua bapa."

"Pua ya kaka yangu si bapa. Imepumzika."

Walicheka mpaka kitabu kikageukia ukutani, ikabidi kivutwe bega kisomeke tena. Mama Kipaza alishika maneno upesi kuliko wote wawili walivyotarajia. Uso wa mviringo, uso mrefu, kishimo cha shavu, makunyanzi, tabasamu, kukunja uso: vyote alivirudia kwa sauti ya stendi, jirani akagonga ukuta. Shida ilianza alipouliza jambo lake.

"Mtu mwenye mwili wake nitamwitaje?"

"'Fat'."

"Hilo la ng'ombe. Nipe la mtu."

Wifi akafikiri. "Kuna 'plump'."

"Hilo ndilo la heshima?"

"Ni mnene yule yule, ila huyu amevaa nguo."

"Na aliyenuna, yule mwenye fikra?"

"Wifi, wale wenye Kiingereza chao wakinuna wamenuna. Hawana fikra."

Mama Kipaza aliondoka na maneno mengi kichwani, lakini moyo haukutulia. Ni kama amepewa visu vyote vya jikoni, hakuna hata kimoja chenye mpini.

Jumatatu meneja alikuja mapema, akakaa mwisho wa benchi, akakunja nne. Asubuhi ikapita hakuna aliyepotea. Stendi nzima ilikuwa na watu wake. Mama Kipaza alitangaza mabasi huku akiomba kimoyomoyo mtu apotee, kisha akajilaumu kwa maombi hayo, kisha akaomba tena, ila apotee mwembamba.

Karibu na mchana ngazi zililia. Aliingia kijana wa makamo, fundi bomba, bado ana mkanda wa spana kiunoni na mkoba wa kike begani.

"Mama, nisaidie, nimekwisha," alisema. "Nimempoteza mama mkwe. Nimekwenda kumnunulia maji, narudi benchi tupu. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja kwetu. Mke wangu akipiga simu nitamwambia nini?"

"Mpigie yeye mwenyewe."

"Simu yake iko humu mkobani. Kanipa nimshikie."

"Jina lake nani, tumwite?"

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Jina? Nimtaje mama mkwe wangu jina lake kavu kavu, stendi nzima isikie? Bora nipande basi lolote nihame."

"Basi yukoje?"

"Mama, mimi na mama mkwe tunaheshimiana. Akiingia, naangalia chini."

"Amevaa nini?"

"Viatu vyeusi."

Meneja alikohoa. Mama Kipaza akafanya kosa ambalo hajawahi kulifanya: alitangaza bila sura. "Mama uliyepotezana na mkweo wa kiume, mkweo anakungoja huku juu, ofisi ya matangazo."

Meneja alifungua mdomo, bila shaka kuuliza Kiingereza kiko wapi, lakini ngazi zilikwisha kuanza kutikisika. Kumbe stendi ile ilijaa kina mama waliokuja kuwatembelea mabinti zao na hawajapokewa na mkwe hata mmoja. Walipanda kwa mstari, wanene kwa wembamba, na mabegi yao, wengine wameshaanza kulalamika tangu ngazi ya kwanza. "Saa zote hizi, mkwe!" Chumba kikajaa. Meneja akalazimika kusimama ili bibi mmoja akae.

"Haya baba," Mama Kipaza alimwambia fundi, "wako ni yupi?"

Fundi aliinamisha kichwa kwa adabu, akaanza kupitia viatu.

"Atuinulie uso na sisi tumwone!" alisema mama mmoja. "Mimi wangu namjua utosi tu."

"Wangu pia. Utosi ndio huu huu!"

"Huu una upara, mama, na kule ngazini umesema wa kwako ana nywele."

"Labda zimeanguka kwa mawazo."

Fundi akamaliza viatu vyote. Wake hayumo. Meneja alivua miwani, akaifuta, akairudisha, akasema taratibu, "Nadhani tumwite binti wa kaunta ya tatu."

Mama Kipaza alisikia harufu ya stoo, vumbi na magunia. Akageuza kiti chake kikamwelekea fundi.

"Nifanyie uso wake."

"Siujui, mama."

"Unaujua. Siku ya posa ulipoambiwa ueleze kazi yako, uliinua kichwa. Kila mtu huinua. Ulimwona nani?"

Fundi akainua kichwa. Akatazama huku na huku. Wakwe za watu wote walikuwa wanamsubiri. Akafumba macho. Polepole mabega yake yakapanda, shingo ikazama, kidevu kikavutwa ndani mpaka vikawa viwili. Mashavu yakajaa. Midomo ikabanwa kama inashikilia pini. Akavuta pumzi ndefu kwa pua, kama mtu anayenusa kitu kinachoungua jikoni kwa mwenzake. Mwisho kabisa, nyusi moja ikapanda peke yake, ikakaa huko juu.

"Yesu na Maria!" alisema bibi aliyekaa benchi. "Hata mimi namwogopa."

Mama Kipaza alikuwa ameshawasha kipaza. "Anatafutwa mama mtu mzima, mwenye mwili wake, uso wa mviringo uliojaa, kidevu kilichotulia, midomo ya msiri, na nyusi moja iliyoinuka kwa fikra."

"Na Kiingereza," alisema meneja.

Mama Kipaza alifumba macho, akamwona kaka yake kwenye kochi na wifi na mwiko wake. Maneno ya adabu hakuwa nayo. Akayatumia yale yale aliyonayo, ila kwa sauti ya kumpokea mgeni:

"Attention please. We want one mother. Round face. Plump. Two chins. Mouth closed. One eyebrow up, one eyebrow at home. She is not smiling. Please, we love her. Thank you."

Yaani videvu viwili wazi wazi, na nyusi moja juu, nyingine imebaki nyumbani. Hilo la kwamba tunampenda aliliongeza mwenyewe, lifunike mengine.

Meneja alishika kichwa. Chini, hakuna aliyepanda. Fundi akakaa sakafuni.

Kisha ngazi zikalia mara moja, kwa mguu mzito usio na haraka. Mlango ukafunguliwa na mama wa kizungu mwenye mkoba wa mgongoni, amemshika mkono mama mmoja mnene wa viatu vyeusi. Mgeni alikuwa anacheka na kumwonyesha mwenzake kidole usoni, hasa kwenye nyusi.

"Mwanamke huyu kanivuta tangu kule kwenye mabasi ya mwisho," alisema mama mkwe. "Nimemwonyesha mahali pa kukaa, tukawa tunaongea kwa mikono, mara kasikia mnabweka Kiingereza, kanitazama, kanivuta. Kuna nini?"

"Mama!" Fundi alisimama. "Hukusikia tunakutafuta?"

"Nimesikia mnamtafuta mama mkwe aliyepotea. Mimi sikupotea. Aliyepotea ni wewe."

"Na lile la pili, mama? La uso?" aliuliza Mama Kipaza kwa upole.

"La mwanamke mwenye nyusi juu? Nikawaonea huruma watu wake." Na aliposema hivyo, nyusi ile ikapanda.

Bibi wa kwenye benchi alianza, wakafuata wengine. Walicheka kina mama wale mpaka mabegi yakaanguka. Mama mkwe aliwatazama mmoja mmoja, akamtazama mgeni, akamtazama mkwewe, na ukaona jambo linamwingia.

"Nani kawaeleza sura yangu?"

Fundi hakuangalia chini. "Mimi, mama."

"Umeniona lini?"

"Siku ya posa."

Mama mkwe alitazama viatu vyake. "Siku ile viatu vilikuwa vinanibana," alisema. "Na wewe ukafikiri ni juu yako miaka yote hii?" Akachukua mkoba wake kutoka begani kwa fundi, kisha akaucheka uso wa kijana yule kwa sauti kubwa. Alipocheka, nyusi zote mbili zilikaa mahali pake na kishimo kikatokea shavuni. Mama Kipaza akashukuru kwamba hakutangazwa akiwa hivyo, maana hata mgeni asingempata.

Watu walishuka. Mgeni alimpa meneja mkono, akasema maneno mengi ya haraka, meneja akaitikia kwa kichwa. Wakabaki wawili, na feni isiyozunguka.

"Anasema nini?" Mama Kipaza aliuliza.

"Anasema hajawahi kusikia tangazo kama lile." Meneja alipanga miwani yake vizuri. "Wala mimi. 'One mother' haisemwi. Kesho usiseme 'one mother'."

"Kesho niseme nini, bosi?"

"Sema 'a lady'." Naye akashuka kwa haraka zake.

Mama Kipaza hakulijali sana lile neno jipya. Alikuwa amelishika lile lingine, kesho, na amelikalia.