Kwa Nini Sikulala kwa Mkwe Wangu

Binti yangu aliponitumia habari kwamba nikija Machakos tutakutana hotelini na nitalala huko, nilijua kuna jambo. Mimi ni mkulima wa kahawa wa Kangundo. Mtu wa kwetu akiwa na binti aliyeolewa mjini, haendi kulipiwa kitanda.

Nilimkuta kwenye veranda, mumewe ameshamwacha hapo akaenda zake.

"Ni yeye amesema," akanieleza. "Ati ni nthoni."

Nthoni ni heshima yetu Wakamba inayomzuia mama mkwe kulala nyumba moja na mkwewe. Naijua tangu utotoni. Lakini mkwe huyu, mtu wa tai na ofisi, ndiye aliyetaka mbuzi wa mahari walipwe kwa hundi, kwa sababu kuswaga mbuzi ni ushamba. Na kwa mkwe wangu wa Nairobi nimelala mara nyingi na hakuna aliyekufa. Leo desturi zimemwingia kupitia dirisha gani? Niliona wazi kwamba kuna kitu anakificha nyumbani kwake, pengine mwanamke mwingine.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mawe, ya tangu mkoloni. Baba alinisimulia kwamba enzi zao Mwafrika aliingia pale kwa mlango wa jikoni tu, kwa hiyo nilipita mlango wa mbele polepole na kukataa kubebewa mkoba. Sakafu nyekundu ilikuwa imepigwa nta mpaka unaogopa kuikanyaga. Bafuni kulikuwa na hodhi la chuma lenye miguu, nami siogi ndani ya kitu chenye miguu. Niliomba karai. Nilikagua chini ya godoro. Hata jamu ya machungwa niliishuku, maana ilikuwa chungu na wenyewe wakasema ndivyo inavyotakiwa.

Binti yangu alichukua kitanda cha pili. Hilo nalo halikunipendeza. Alikuwa na begi kubwa, akidai ni nguo kuukuu za kunipa, na kila nilipouliza habari za kwake alinimiminia chai. Alikuwa msichana wa kelele. Sasa gari likipita, anachungulia kwanza.

Jumamosi alasiri mkwe alikuja kunisalimia. Tuliketi bustanini, yeye mbali kidogo, macho chini kama heshima inavyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kumbana, lakini akaniwahi.

"Mama, mimi sijafurahi. Niko na nyumba kubwa na wewe unalala kwa hoteli. Lakini bibi yangu ameniambia ni wewe umekataa sababu ya nthoni, na ati lazima akae na wewe. Nikasema sawa, siwezi bishana na mama."

Nilimtazama binti yangu. Kikombe kilikuwa kimekwama njiani kuelekea mdomoni. Kumbe yeye ndiye aliyetudanganya sote wawili, na kwa neno lile lile. Nilikasirika. Ulimi ulikuwa tayari kusema sijakataa lolote, twende nyumbani. Ndipo nikahisi mkono wa binti yangu chini ya meza umeshika leso yangu na kuivuta.

"Ni kweli," nikamwambia mkwe. "Mimi ni mtu wa kizamani. Siwezi."

Alimaliza chai yake, akasema atamchukua mkewe kesho baada ya kanisa, akaaga kwa adabu.

Binti alingoja mpaka mlio wa gari ukaisha.

"Akienda kazi hunifungia," akasema. "Anaenda na ufunguo. Tangu Pasaka sijatoka bila yeye. Niliona mtu pekee yeye hawezi kukatalia ni wewe, Mama."

Mwanamke niliyedhani amefichwa katika nyumba ile nilikuwa nimekaa naye tangu jana. Uchungu ulinishika, na hasira, na aibu kwamba mwanangu alilazimika kunidanganya ili anione. Sikumuuliza mengine. Nilimwambia alete begi. Kabla ya jioni tulikuwa njiani kwenda Kangundo.

Jumapili mkwe alitufuata. Binti alikuwa chumba cha ndani. Nilichukua kiti nikakiweka mlangoni, nikaketi. Mkwe hawezi kumgusa mama mkwe, wala kumsukuma, wala kumruka. Alisimama uani muda mrefu, akiniomba nisogee. Nilimwambia desturi hainiruhusu, na nikaendelea kuketi.