Dume Nililojitoza Mwenyewe

Leo naweza kuisimulia nikicheka, lakini siku ile ningeliona shimo la fisi ningeingia bila kuuliza kama mwenyewe yumo.

Kwa asiyenijua, mimi nilianza na punda wawili na mzigo wa ngozi kutoka Kaaleng, shule niliiacha darasa la pili, na bado nikawa diwani, nikahamia Lodwar karibu na ofisi za kaunsil, nikiitwa Mheshimiwa na watu wenye vyeti. Mke wangu, Mama Ekai, alibaki Kakuma na hoteli yake ya chai, wateja wake wasafiri na Wasudani wa kambi ya wakimbizi. Yeye alifika darasa la saba. Basi alikuwa akiniandikia barua, anampa dereva wa lori, mimi naipokea mbele za watu kwa kicheko kikubwa, naitia mfukoni mwa koti, na huko inakaa. Ukweli ni kwamba kusoma kulinishinda (jina langu nililijua vizuri, hasa likiwa kwenye karatasi ya kura), na kumpa karani wangu Emuria anisomee mambo ya nyumbani niliona haya. Zikafika tatu mle mfukoni.

Sasa ili mtu asinigundue, nikatangaza kwamba barua za wananchi zitasomwa na karani hadharani, kwa sauti, kwa sababu mimi sina siri. Nilisifiwa sana.

Siku ya mkutano Kakuma, wazee wamekalia viti vyao vidogo vya mbao, mimi nimevaa suti kwenye jua lile, Emuria akafungua bahasha ya mwisho.

"Mheshimiwa Diwani, mimi ni mpiga kura wako. Mume wangu anafanya kazi mbali. Nimemwandikia mara tatu, hajajibu. Mtoto wetu wa mwisho ana meno manne na bado hajabatizwa, padre ameahirisha mara mbili akimngoja baba. Naomba uniambie, nimngoje tena, au nimbatize peke yangu na nijue sina mume?"

Akina mama wakaguna. Mimi hasira ikanipanda (meno manne, jamani, na mimi nilidhani wangu bado hana hata moja), nikasimama.

"Huyo ni mwanamume au ni nguo imeanikwa? Atatoa mbuzi, wazee wale."

Makofi.

"Mbuzi ni mdogo. Atatoa dume la ng'ombe, na Jumapili hii awe kanisani, kiti cha mbele. Emuria, soma ni mke wa nani."

Emuria akakohoa. "Mheshimiwa, hii tumalizie ofisini."

"Soma. Sina siri."

Akasoma bila kuniangalia usoni: "Ni mimi Akale, Mama Ekai, wa hoteli ya chai."

Lokwang, rika langu, akauliza polepole, "Ndugu yangu, ni ile dume yako nyekundu, ama ile ya madoa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka. Mama Ekai alikuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni, akingoja jibu kama mpiga kura yeyote. Nikatoa zile barua tatu, zimefungwa vilevile, zimelowa jasho.

"Mama Ekai, sikuzisoma kwa sababu sijui kusoma."

Akazichukua. "Si ungesema, Baba Ekai. Ningeandika herufi kubwa."

Jumapili nilikaa kiti cha mbele, nikamshika binti yangu, akaning'ata kidole kwa meno yote manne. Dume jekundu liliisha siku hiyohiyo, na Lokwang ndiye aliyekula zaidi. Na niliapa kutomhukumu mtu tena kabla sijasikia jina lililo chini ya barua.

Wiki mbili baadaye, dereva wa lori akaniletea nyingine huko Lodwar. Nilijifungia nayo chumbani, kidole juu ya kila herufi, asubuhi mpaka adhuhuri.

BABA EKAI. NYAMA ILIKUWA TAMU. NJOO JUMAMOSI.

Nilienda Ijumaa.