Nishani ya Saksonia Ukumbini kwa Zuwena

Niliondoka Unguja kwa sababu ya wivu, na sitaki kusingizia jambo jingine. Zuwena, binti wa ami yangu, aliniletea picha kwenye simu: nishani ya babu wa baba zetu, imo kwenye sanduku la kioo, ukumbini kwake Maskati. Babu huyo alimuuguza tabibu Mjerumani nyumbani kwake mpaka akapona, na mfalme wa Saksonia, huko Ujerumani, akamtunuku. Kina Zuwena walihama na nishani. Sisi tulibaki na barua ya Kijerumani iliyokuja nayo, ambayo hatukuwahi kuisoma. Niliitia mkobani nikiapa kwamba mwenye hati ndiye mwenye mali.

Asubuhi nilipotua, Zuwena alinipokea mwenyewe kwa gari jeupe la fahari. Njia nzima hadi mtaani kwake Qurum nilitazama majumba huku roho ikiniuma.

Alasiri wanawake walijaa ukumbini, halwa na kahawa zikipita. Nishani ilining'inia kwenye utepe mweupe wenye mistari ya kijani. Zuwena akawaeleza kuwa mfalme wa kwanza wa Saksonia aliianzisha aliporudi kutoka kifungoni, baada ya vita vilivyomponza, ili awatuze waliobaki waaminifu kwake. Nyuma yake imeandikwa, "Kwa ustahiki na uaminifu." Alisema kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyemuuguza mtu.

"Hati yake nnayo mimi," nikasema, nikaitoa.

Binti yake Raya, aliyesomea Ujerumani, akaisoma, kisha akanigeukia. "Mama mdogo, yasema nishani ni amana. Mwenyewe akifa, warithi wairejeshe kwa mfalme. Barua tu ndiyo yao."

Zuwena akainuka, akaleta chetezo cha udi. Maskati udi ukishapitishwa, kikao kimekwisha. Wageni wakafukiza mitandio, wakaaga. Mimi sikuwa na pa kwenda.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Kidogo." Ilikuwa kweli.

"Ufalme wenyewe hauko tena, tumrejeshee nani?" Akafungua kioo, akanitia nishani mkononi. "Chukua. Si ndiyo ilokuleta? Mie siwezi tena kukaa nayo mbele za watu."

Kesho yake nilirudi Unguja nayo. Nilidhani wivu hukoma mtu akipata. Kumbe hugeuka hofu. Nishani nimeitundika sebuleni, barua nimeifungia kabatini. Juzi jirani aliisifu sana nishani, akauliza kama ina hati yake. Nikamwambia ilipotea zamani.