Fikirini na Deni la Mtani Wake

Fikirini Mbonde hutengeneza baiskeli chini ya turubai la bluu mkabala na soko la Kibiti, hatua chache kutoka fremu ya Kondo, fundi cherehani. Ni Mmatumbi. Baba yake aliteremka kutoka milimani huko kusini akiwa kijana, akapata eneo nje ya mji, akapanda mikorosho. Alipofariki alimwachia Fikirini miti thelathini, na hiyo ndiyo mali pekee ambayo Fikirini amewahi kuiita yake. Nyumba anayokaa na mkewe Maimuna ni ya kupanga.

Mwezi wa pili mwaka 2022 Maimuna aligundulika kuwa na uvimbe kwenye kizazi. Aliambiwa apasuliwe mapema. Fikirini hakutaka kwenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani wanaoitwa kausha damu, kwa kuwa alishawaona wakitoa vitanda vya watu nje. Alikwenda kwa Haruna Mpili, Mndengereko, mwenye fremu nne za biashara pale sokoni na shamba la mpunga kule Chumbi. Haruna alimkopesha milioni moja na laki mbili. Waliandikiana karatasi moja: deni ni kiasi hicho, rehani ni mikorosho thelathini, na Haruna atavuna korosho, nje ya hesabu ya malipo, mpaka deni liishe. Karatasi ikaingia kwenye sanduku la Haruna. Maimuna akapasuliwa, akapona.

Mpango wa kulipa ulipigwa na Maimuna mwenyewe, akiwa bado hawezi kuinama. Elfu arobaini kila mwisho wa mwezi, kwa miezi thelathini. Nusu itoke kwenye pancha na minyororo ya baiskeli, nusu kwenye vitumbua vyake akishapata nguvu.

Kwa watu wa kipato kile, elfu arobaini si fedha ndogo. Nyama ilitoka nyumbani kwao, ikabaki ya Idi. Televisheni na king'amuzi viliuzwa. Binti yao Zamda, wakati ule darasa la tano, alilia siku mnunuzi alipokuja kuvichukua. Maimuna akamwambia vilivyoondoka ni vyombo tu, wachekeshaji bado wamo ndani. Akamkonyeza mumewe, na usiku huohuo Fikirini akasoma taarifa ya habari kupitia tundu la ungo uliotoboka, akitangaza kwamba bibi mmoja wa mtaa wa pili amekamatwa kwa kukoroma.

Tangu hapo wakawa watu wa kutafuta furaha isiyo na kiingilio. Siku ya gulio walioga wote watatu, wakavaa nguo za kutokea, wakaenda kuuliza bei. Sharti lao lilikuwa kubembeleza mpaka muuzaji akubali, kisha kuaga kwa heshima na kuondoka. Walibembeleza godoro, redio, mbuzi, siku moja hata pikipiki. Wakirudi nyumbani Maimuna aliigiza muuzaji alivyokunja uso. Jioni Fikirini alikwenda uwanja wa shule kutazama ligi ya mtaa. Yeye ndiye aliyejaza mipira upepo, kwa hiyo alikuwa na nafasi kwenye benchi na haki ya kumsuta mwamuzi. Maimuna ana sauti. Aliitwa kwenye harusi kuimba, akarudi na sahani ya pilau iliyofunikwa. Na kila baiskeli iliyotengenezwa ilijaribiwa kwa kumpakia Zamda nyuma mpaka barabara kuu na kurudi, Fikirini akimdai nauli njia nzima.

Watu tuliwapenda kwa hilo. Wengi hapa Kibiti wana madeni, na mwenye deni huinamisha kichwa na kupita njia za nyuma. Hawa walipita mbele.

Lakini burudani kubwa kuliko zote ilikuwa siku ya kulipa yenyewe. Wamatumbi na Wandengereko tunataniana, na kati ya watani hakuna neno linalokamatwa. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya mkeo, anaweza kukuzuia njiani na kukunyang'anya kofia, na ukikasirika aibu ni yako. Haruna na Fikirini walikuwa watani wa kweli. Mwisho wa mwezi Haruna alikuja na kanzu yake na bakora, akasimama mbele ya turubai.

"Mmatumbi, leo nachukua mke au nachukua hela?"

"Chukua mke," Fikirini alimjibu. "Ana mshono, utamuuguza wewe."

Maimuna naye, akiwa kwenye karai lake la vitumbua, alimwambia Haruna kwamba yeye haolewi na mwanamume anayenuka perege. Basi watu walianza kusogea. Kondo aliacha cherehani. Wachuuzi wa nyanya walikuja. Fikirini alijipapasa mifuko yote, akatoa spoki, akatoa kipande cha muhogo, mwishowe akatoa fedha. Haruna alizipokea, akazitia kwenye mfuko wa kanzu, akatugeukia.

"Mmemwona huyu? Hajanilipa hata senti."

"Na sikulipi ng'o," Fikirini alisema, "mpaka tukuzike."

Hapo ndipo tulipocheka zaidi, kila mwezi, kwa maneno yaleyale. Aliwahi kuulizwa kwa nini asitume kwa simu, akasema makato ya kutuma yananunua sukari ya siku mbili, na isitoshe simu haichekeshi. Kuhusu risiti, Haruna mwenyewe alisema kumwandikia mtani risiti ni kumtangazia ugomvi. Fikirini aliona hivyohivyo. Alilipa mara ishirini na nane. Zilibaki mbili, na msimu wa korosho wa mwaka 2024 ungeikuta miti imerudi kwake. Alishaanza kupanga na Maimuna namna ya kufyeka chini ya mikorosho mwezi wa tisa.

Haruna aliugua figo. Alipelekwa Dar es Salaam kwa mwanawe Saadi, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na wiki ya mwisho ya mwezi wa saba akaletwa maiti.

Msibani mtani ana kazi yake, na Fikirini aliifanya kama inavyotakiwa. Alifika na pampu ya baiskeli begani kama askari na bunduki. Aliwazuia wachimba kaburi, akadai ushuru. Alilala chini mbele ya jeneza, akasema maiti haipiti bure, akapewa mia tano akanyanyuka. Waliokuwa wakilia walicheka, wakalia tena. Kabla ya kusaliwa, Saadi alisimama na kusema maneno ambayo familia husema: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai, ajitokeze kwa familia.

Fikirini akaipaza sauti. "Mimi ananidai milioni na laki mbili! Sijalipa hata senti. Mzikeni haraka kabla hajaamka."

Watu waliangua kicheko. Saadi hakucheka. Alitoa simu yake, akaandika kitu, akairudisha mfukoni. Nilimwona. Nilidhani anamjibu mtu ujumbe.

Baada ya hitima ya siku ya tatu, familia iliita kikao cha madeni barazani kwa marehemu. Shehe wa msikiti wetu alikaa katikati. Saadi alitoa ile karatasi ya mwaka 2022. Fikirini aliitazama kwa furaha kama mtu aliyeona picha ya zamani, akasema ndiyo, ni yenyewe, na kwamba zimebaki elfu themanini tu. Alikuwa amekuja na arobaini ya mwezi huo mkononi.

Saadi alimwuliza risiti ziko wapi. Fikirini akasema mtani haandikiwi risiti. Si kijana wa ovyo. Alikulia Dar es Salaam kwa mama yake, na matibabu ya baba yake aliyalipia kwa mkopo wa kazini ambao sasa unakatwa kwenye mshahara.

"Mzee Fikirini, mimi sikuiti mwongo," alisema. "Nakuuliza tu. Siku ya maziko ulisema nini?"

"Nilitania, mwanangu."

"Na baba akiwa hai, ukisema hulipi mpaka tumzike?"

"Nilitania. Na yeye alitania."

"Basi nitajie siku ambayo hukutania, niishike hiyo."

Fikirini alizikunja zile noti alizokuja nazo.

Shehe akataka mashahidi. Kondo aliinuka kwanza. Alisema aliona fedha zikitoka mkono huu kwenda mkono ule, mara nyingi tu. Zilikuwa kiasi gani, hakuhesabu. Je, anaweza kushika msahafu na kuapa kwamba zilikuwa arobaini, na kwamba zilikuwa za deni hili? Kondo aliketi tena bila kuugusa. Fremu anayoshonea ni ya marehemu, na sasa ni ya Saadi. Sisemi kwamba hilo ndilo lililomfunga mdomo. Ukweli ni kwamba hakuhesabu. Hakuna aliyehesabu.

Maimuna alisimama kwenye mlango wa uani, walikokaa wanawake. Alisema fedha zote alizihesabu yeye, kila mwezi, noti juu ya noti, na anakumbuka hata mwezi waliouza jogoo ili zitimie. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba deni lilichukuliwa kwa ajili yake, na faida ya kesi ni yake, hivyo hawezi kuwa shahidi.

Kisha Fikirini akanigeukia mimi. Alijua nina daftari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika mambo ya mtaa: waliofariki, waliooana, mvua, bei ya mchele. Akasema, "Mwulizeni huyu, yeye huandika kila kitu." Nilimwona akipumua kama mtu aliyefika.

Nilikwenda nyumbani kulichukua. Njiani nilifungua kurasa, na nikatamani nirudi niseme limepotea. Mwisho wa miezi mingi ulikuwamo, lakini nilichokuwa nimeandika ni yale yaliyotuchekesha. Shehe aliniambia nisome, nikasoma. Tarehe 31 Mei: Haruna kaja kwa Fikirini. Kasema hajalipwa hata senti. Fikirini kasema halipi mpaka wamzike. Tumecheka sana. Tarehe 30 Juni: hivyohivyo. Nilisoma kurasa tisa au kumi. Kiasi cha fedha sikukiandika hata mara moja. Kila ukurasa niliousoma ulikuwa kwa upande wa Saadi, na mimi ndiye niliyekuwa nausoma.

Nilijaribu kueleza kwamba maana yake ilikuwa kinyume. Saadi akaniuliza kama hilo nalo liliandikwa.

Shehe alisema deni lina karatasi, malipo hayana. Aliyekiri deni akadai amelipa, ni juu yake kuleta ushahidi. Saadi aliapa kwamba yeye hajui malipo yoyote, na aliapa kweli, kwa kuwa hajui. Hakuna mtu aliyesema uongo kwenye kikao kile tangu kianze mpaka kiishe. Mwishoni Saadi alisema kwa ubinadamu anapunguza laki mbili. Ibaki milioni moja, na mikorosho ikae mikononi mwa familia mpaka iishe. Wazee wakamsifu. Wakamwambia Fikirini ashukuru. Fikirini alisimama, akampa Saadi mkono, akashukuru. Zile elfu arobaini alizokuja nazo zilipokelewa, na safari hii aliandikiwa risiti.

Nilitembea nyuma yao kurudi mtaani. Sikuwa na uso wa kuwa kando yao. Maimuna alisimama walipofika kwenye kona ya nyumba yao.

"Baba Zamda," alisema, "mimi nilidhani kucheka hakulipiwi."

Fikirini alitangulia kufungua mlango.

Gulio lililofuata hawakwenda. Zamda aliuliza, akaambiwa akasome. Mwamuzi wa ligi ya mtaa alimaliza mchezo bila kusutwa. Mwishoni mwa mwezi wa nane walikuja watu wawili watatu mbele ya turubai, kwa mazoea, wakamkuta mjumbe wa Saadi akihesabu noti moja moja, akaandika risiti, akaondoka. Wakasimama kidogo, kisha wakatawanyika. Maimuna ameongeza karai la pili la vitumbua na huanza kukaanga kabla ya adhana ya alfajiri, ingawa aliambiwa asikae sana motoni.

Mwezi wa kumi korosho zilianza kudondoka. Saadi yuko Dar es Salaam na alihitaji mtu wa kuokota, kwa ujira wa kila kilo. Fikirini aliomba kazi hiyo, ujira ukatwe kwenye deni. Saadi alikubali mara moja, akasema hamjui mtu mwaminifu zaidi.

Nilipita shambani siku moja nikitoka kuzika. Nilikuwa na Wandengereko wenzangu kama sita. Fikirini alikuwa ameinama chini ya mkorosho uliopandwa na baba yake, akitenganisha korosho na bibo, tunda lake, akitupa korosho kwenye ndoo. Mmoja wetu alisimama barabarani akapaza sauti, tayari akicheka.

"Mmatumbi! Umeanza kutuibia korosho mchana?"

Fikirini alijiinua, akafuta mikono kwenye suruali. Alitutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu macho yake hayakutua.

"Hapana," alisema. "Nimeajiriwa. Mwulizeni Saadi, karatasi anayo."

Akainama, akaendelea kuokota.