Chungu cha Akida Hakikukorogwa

Chilongani, mkwe wangu, hicho ulichobeba shingoni ni kichwa au boga?

Ninyi wengine sikieni.

Leo akida kaja tena kutafuta wapagazi wa Mjerumani. Wanaume wote wakapangwa mstari, kila mmoja atoe njugu mawe moja chunguni bila kuchungulia. Nyeupe, rudi kwako. Nyekundu, kabebe mizigo. Na waliokwenda mwaka jana, wengine hatujawaona mpaka leo.

Binti yangu ana mimba kubwa. Mumewe huyu anajipenyeza awe wa kwanza!

"Mama, mwaka jana nilitoa nyekundu. Haiwezi kunirudia."

Haiwezi? Njugu ina macho? Inaikumbuka sura yako?

Mimi nilikuwa namtazama akida. Alimimina nyeupe, akamimina nyekundu juu yake, wala hakukoroga. Mwanamke yeyote anajua: kilichomiminwa mwisho ndicho kinachochotwa kwanza.

Nikapiga kelele: "Koroga chungu!"

Askari akainua kiboko. Nikafumba macho.

Akida akacheka, akakoroga.

Mkwe akatoa nyeupe. Halafu, jamani, mngenilaumu ningemzaba kofi? Akanigeukia: "Si nilikuambia, mama?"

Hukuniambia kitu! Hata baada ya kukorogwa, nyekundu ingeweza kukutoka.

Kesho akida yuko Msalato. Mnaokaa huko, mtu asiingize mkono chungu hakijakorogwa. Pigeni kelele wote pamoja, kiboko kimoja hakienei migongo yote.