Debe la Kuitia Bata

Mama alinikuta jikoni nimechuchumaa mbele ya kapu, akasimama mlangoni na jembe lake begani.

"Hao ni wa nani?"

"Hawana mwenyewe."

"Kiumbe wa porini ana mwenyewe," alisema. "Mwenyewe ni serikali."

Ndani ya kapu, juu ya kipande cha kitenge, walikuwa vifaranga saba wa bata mwitu, weusi wenye mistari ya njano. Ni wale bata wa uso mweupe na shingo ndefu, wanaolia angani kama mtu anayepiga mluzi. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kando ya lambo kukatia ndama majani. Vijana wa machimboni walikuwa wamenitangulia na nyavu. Bata mwitu huuzika haraka kule, mchimbaji aliyepata dhahabu hataki dagaa. Nilikuta manyoya, alama za mabuti kwenye tope, na ndani ya nyasi sauti ndogo zikiita wazazi waliokwisha kuondoka wakining'inia kwenye usukani wa pikipiki.

Sheria niliijua. Hapa kwetu, nje kidogo ya Kharumwa, hata asiyejua kusoma amesikia redioni habari za mtu aliyekutwa na nyara za serikali. Kufuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na sheria haiulizi kama ulimhurumia.

"Mpelekee bwana nyama," Mama alisema.

"Bwana nyama atawaweka wapi? Ana kapu?"

"Muulize."

"Na waliowachukua wazazi wao wana kibali? Mbona hao hakuna anayewauliza?"

"Wewe," Mama alisema akiegesha jembe ukutani, "hata mvua ikinyesha utaiuliza nani kaituma."

Ni kweli mimi ni mtu wa kuuliza. Mwaka ule nilirudi nyumbani na digrii ambayo hakuna aliyekuwa akiihitaji, na maswali ndiyo kitu pekee nilichokuwa nikikizalisha kila siku. Kwenye jumuiya niliwahi kumuuliza katekista kwa nini tunaomba mvua kwa ajili ya mpunga, na kwenye sala hiyohiyo tunaomba mashimo ya wachimbaji yasijae maji. Alicheka, akasema Mungu ana mahesabu yake. Majirani wakanipa jina la Msomi, wanalitamka kama vile unavyomtaja mgonjwa anayejidai mzima.

Lakini kuna swali moja ambalo sikujiuliza. Ningeweza kumpigia bwana nyama simu kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Namba ilikuwepo, salio lilikuwepo. Sikupiga. Nilijiambia watanizungusha. Nikiwa mkweli, niliogopa kwamba hawatanizungusha. Kwamba watakuja kesho yake na gari, watanishukuru, na kuwachukua. Tangu nitoke chuoni hakuna kiumbe aliyekuwa ameamka asubuhi akinihitaji.

Wawili walikufa mapema, na waliuawa na ujuaji wangu. Bata ni wa maji, nikasema, nikawajazia beseni na kuwaacha waogelee huku nikiwatazama kwa furaha. Sikujua kwamba kifaranga wa bata asiye na mama manyoya yake hayana mafuta. Maji humwingia mpaka kwenye ngozi. Waliobaki niliwapasha joto kwa chupa ya maji ya moto niliyoiviringishia kanga. Wale wawili niliwafukia nyuma ya choo, Mama akiwa shambani, kana kwamba nafukia kitu nilichoiba.

Watano walikua. Nilivunja vichuguu nikawaletea mchwa, nikawakatia majani laini, nikawachanganyia pumba na maji. Na ili waje kula, niligonga debe.

Hapo ndipo penye jambo lote, kwa hiyo nilieleze vizuri. Debe lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya ghala, pamoja na kipande cha nondo cha kuligongea. Lilikuwa debe la kuamia. Mpunga ukianza kujaa maziwa, watu wa huku huhamia majarubani kutoka alfajiri mpaka jua linapozama, na kazi ni moja: kugonga madebe na kupiga kelele ndege wasitue. Nimekulia kwenye kazi hiyo. Nikiwa darasa la pili nilikuwa na debe langu. Ndege wote wa bonde hili, kwelea kwa bata, wanajifunza sauti ile kutoka kwa mama zao kabla hawajajua kitu kingine: debe ni binadamu, ruka.

Nami nililitungua kutoka kwenye nguzo kwa sababu lilikuwa karibu. Niligonga, nikamwaga pumba. Baada ya siku chache tu, nikigonga walikuja mbio, vifua mbele, wakikanyagana, wakipiga mluzi. Mama alitoka ndani kuangalia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilijisikia mwalimu.

Mtendaji wa kijiji alikuja kukagua vyoo. Alimwamkia Mama, mimi nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye tenga nililowahamishia bata.

"Hawa bata mbona wanapiga mluzi?"

Mama akaangalia pembeni.

"Ni mbegu mpya," nilisema. "Tumewatoa Kahama."

"Wa kisasa?"

"Wa kisasa."

"Ee, Msomi kaanza mradi!" Alifurahi kwa dhati. "Vijana tunawaambia kila siku, msingoje ajira. Wakizaliana niwekee jozi."

Alipoondoka Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa umeniweka na mimi ndani," akaenda kuchota maji. Neno hilo nililisikia mgongoni siku nzima. Nilikuwa nimezoea kudai kwamba wakubwa wetu wanadanganya. Sikutegemea kuona jinsi uongo unavyotoka kwa urahisi, bila hata kukohoa.

Manyoya yalipokamilika walianza kuruka. Kwanza mpaka juu ya ghala, kisha mpaka mwembeni, na siku moja walizunguka juu ya nyumba na kuelekea lambo. Jioni walirudi kula. Baada ya muda wakaacha kurudi kila jioni. Nikienda lambo niliwaona kati ya wenzao, nisijue yupi ni wangu. Nilisema moyoni: haya, sheria iko wapi sasa? Nimechukua yatima, nimerudisha bata. Niliandaa hata hoja za kumwambia bwana nyama kama angetokea. Hakutokea, nami nikaona hiyo pia ni hoja.

Mpunga ukajaa maziwa.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji ni mama mcheshi, yuko jumuiya moja na Mama, na mimi namwita mama mdogo ingawa hatuna undugu. Mchana mmoja alikuja na bakuli lililofunikwa kwa sahani, akaliweka mezani kama mtu anayeweka zawadi ya harusi.

"Leo nimeona maajabu, dada," alimwambia Mama. "Niko zangu naamia. Nagonga debe, ndege wote wanakimbia, mmoja anashuka. Bata! Anatua kwenye tuta, anakuja anatembea hivi." Akainuka akatembea, shingo mbele, makalio yakiyumba, mpaka ikabidi ajishike mezani kwa kicheko. "Nikasema, huyu amealikwa na nani? Nikagonga tena. Anaongeza mwendo!"

"Akaja mpaka kwako?" Mama aliuliza.

"Mpaka miguuni! Ananitazama usoni kama ananidai. Nikamwambia, karibu mgeni wangu. Nikampiga na nondo ileile ya debe." Alifunua bakuli. "Nikasema siwezi kula peke yangu muujiza wa namna hii. Msomi, wewe uliyesoma, bata anaweza kuwa kichaa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Naikumbuka nafasi hiyo kama mtu anavyokumbuka mlango uliokuwa wazi. Sentensi moja ingetosha: mama mdogo, yule ni wangu, nilimfundisha mimi, na wapo wengine wanne. Lakini nyuma ya sentensi hiyo alisimama mtendaji na jozi yake, na Mama niliyemwingiza ndani, na neno nyara. Nilifikiri pia, haraka na kwa ujanja, kwamba nikisema, kufika Jumapili bonde zima litajua kuwa ukigonga debe bata anakuja sufuriani. Hilo lilikuwa kweli. Silo lililonifunga mdomo.

"Labda alikuwa mgonjwa," nilisema.

"Ah, mgonjwa gani ana mafuta hivi!"

Mama alisema tumbo lake halitaki nyama siku hiyo. Jirani akanitazama mimi, na hapa kwetu chakula kilicholetwa kwa mkono hakikataliwi na watu wawili kwa pamoja. Nilichukua kipande. Kilikuwa kimeungwa kwa karanga, kitamu. Nilitafuna huku nikikumbuka vichuguu nilivyovunja kukinenepesha kifua kile.

"Wabeja, mama mdogo," nilimshukuru.

"Wabeja na wewe, mwanangu. Kula, umekonda kwa kufikiri."

Alipokwenda, Mama aliosha bakuli mwenyewe, akalikausha, akalipindua mezani. "Wamebaki wanne," alisema. "Na madebe ni mengi."

Kutoka uani kwetu niliyasikia: la jirani, la wale wa mkuyuni, ya watoto wa upande wa pili, bonde zima likilia bati. Kila bata aliyezaliwa huku alikuwa akisikia onyo. Wanne walikuwa wakisikia sauti yangu.

Kesho yake nilichukua debe na nondo nikaenda lambo. Sikubeba pumba. Nilijaza mfuko madongo makavu ya udongo mweusi. Niligonga. Kundi zima liliinuka kutoka majini kwa kishindo na mluzi, na katikati ya mtafaruku ule wanne waligeuka wakaja kwangu. Walitua mbele yangu na kuja kwa mwendo wao wa vifua mbele. Hakuna aliyewahi kufurahi kuniona namna ile, na nadhani hatatokea.

Nilirusha dongo. Nililirusha pembeni, makusudi, na lilipopasuka chini waliliendea wote wanne, wakachokoa vipande wakitafuta mchwa.

La pili nalo nililikosesha. La tatu nalo. Walikuwa wakishangilia. Nilijaribu kupiga kelele, lakini walikuwa wameizoea sauti yangu tangu kapuni. Ndipo nilipoelewa kwamba huruma iliyobaki mkononi mwangu ndiyo ingewaua. Nililenga aliyekuwa karibu nikampiga kwa nguvu, kama ninavyompiga mbwa mwizi. Dongo lilimpata kwenye paja. Alianguka ubavu, akalia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwao, akainuka akichechemea. Wenzake walinitazama. Sitasema waliniuliza kitu; bata hawaulizi, mwenye kuuliza ni mimi. Walinitazama tu, nami nikagonga debe kwa nguvu zangu zote na kurusha tena, na tena, mpaka wakaruka. Yule aliyeumia aliruka wa mwisho, chini chini, mguu mmoja ukining'inia.

Nilirudi siku zilizofuata. Kila mara walikuja pungufu na walisimama mbali zaidi. Kila mara niligonga na kurusha. Wachunga ng'ombe wakinipita walicheka: "Msomi anagombana na bata!" Niliwaacha wacheke. Siku waliporuka na kundi kabla sijatoa dongo mfukoni, nilikaa ukingoni nikalia, kisha nikajishuku hata machozi yale: nilikuwa nawalilia wao, au nalilia kuwa sipendwi tena na mtu?

Mtendaji aliulizia jozi yake. Nilimwambia wamekufa kwa kideri. Alinipa pole, akanishauri nijaribu tena, nisikate tamaa, na pole ile niliipokea kwa mikono miwili kama inavyopokewa.

Sikujua bado kama walichokiogopa ni debe, au ni mimi peke yangu. Hiyo ni tofauti kubwa. Wangeweza kunikimbia mimi pale lambo na bado wakaenda kumwamkia jirani jarubani. Kwa hiyo mchana mmoja wa mwisho wa kuamia nilimwomba Mama agonge yeye. Mimi nilijilaza nyuma ya tuta, kanga kichwani, nisionekane.

Kundi lilikuwa linashuka kutoka lambo kuelekea mpunga wetu. Niliuona uso mweupe baada ya uso mweupe. Mmoja aliruka na mguu ukining'inia.

Mama aligonga. Kundi likapinda. Yule wa mguu akabaki nyuma kidogo, akazunguka juu yetu, shingo imeinama kana kwamba amesahau kitu huku chini. Mama akasita, nondo mkononi.

"Anashuka?" niliuliza kutoka chini ya kanga.

"Anaangalia."

"Anashuka?"

"Sijui, mwanangu. Anaangalia tu."

"Basi piga tena," nilisema. "Piga kwa nguvu."

Akapiga.