Spika ya Upande wa Wanawake

Bi Mauwa wa Mwananyamala aliachiwa na marehemu mumewe kazi ya kukodisha vipaza sauti. Miaka ile vitu vya Dubai vilipoanza kumiminika, aliuza mkufu wake akanunua amplifaya mpya na spika mbili. Moja inakaa barazani kwa wanaume, nyingine uani kwetu wanawake, nyuma ya pazia. Kwenye amplifaya kuna kifungo, ukikibonyeza sauti inafika kote kuwili.

Mashine hiyo ilikuwa ikikaa kwa wanaume, kwa hiyo aliyeisimamia ni shemeji yake, Mudathir. Basi maulidi mawili mfululizo, alasiri, kisomo kimekolea, spika yetu ikanyamaza. Ya wanaume inaendelea.

"Shemeji yako huyo," Tabu, mwenzetu wa uani, akamwambia Mauwa. "Anataka watu waseme mwanamke hawezi kazi hii. Wakishasema, mashine inahamia kwake."

"Usimsingizie mtu, Tabu," nikasema mie.

"Namsingizia? Kile kifungo anakaa nacho nani mwingine?"

Mie mwenyewe nikaanza kumchungulia Mudathir pazia likipepea. Akicheka na wenzake, naona anatucheka sie.

Ikafika khitma ya kwa Bi Rukaiya. Naye alishatamka: ikizimika tena, ataita vyombo vya Mfaume wa Tandale, na mtaa mzima utamfuata. Mauwa akahamishia mashine uani.

"Leo kaa hukohuko na wanaume wenzio," akamwambia Mudathir. "Usiguse kitu."

"Shemeji, wallahi sijawahi kuizima."

"Basi leo tutajua."

Akakaa nayo ubavuni, hata kahawa hakupokea. Katikati ya kisomo, kitaa chekundu cha mashine kikazimika, kikawaka. Mchana ule nyumba nzima haikuwa na taa iliyowashwa, nani angejua kama umeme umekatika? Spika yetu kimya. Kwa wanaume kisomo kinasikika vizuri tu.

"Kafanya nini tena huyo?" Tabu akadakia.

"Huyo nani? Si ninayo mie hapa!" Mauwa alikuwa amekodoa macho. "Umeme umekatika ukarudi. Na ukirudi, yenyewe inakwenda kwa wanaume peke yao."

Akabonyeza kifungo. Sauti ikatujia.

"Mradi tunasikia," akasema Bi Rukaiya. "Vya Mfaume siviiti."

Wali ulipopakuliwa, Mauwa hakula kwanza. Alikwenda akasimama kwenye mlango wa baraza, akasema wanaume wote wasikie: "Mudathir, nilikushuku. Si wewe. Ni mashine."

"Nimesikia, shemeji," akasema Mudathir, akaendelea kula.

Alirudi kazini, na umeme ukikatika anajua la kufanya. Ila akishabonyeza kile kifungo, huiweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, palepale watu wanapoiona, mpaka kisomo kiishe.